Mwaka mmoja watosha kumfanya mtu mwalimu?

Januari mwaka 2026 shule za sekondari nchini zilipokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, wale waliofungua njia ya mtaala mpya, na ambao kila wapandapo darasa serikali huhangaika upya kuwatafutia mahali pa kukaa. Barazani pamesemwa mengi juu ya madarasa, maabara na vitabu. Juu ya mwalimu pamesemwa machache, na mengi ya hayo machache ni ya mshahara. Swali la mwalimu atoka wapi, afunzwa kwa muda gani, na ni nani ampaye ruhusa ya kusimama mbele ya watoto wetu, hilo tumeliacha kana kwamba ni la wakubwa wa Nairobi peke yao. Latuhusu sana sisi wa Pwani, na leo nataka tulitazame, ndugu msomaji, kwa utulivu.

Mimi swali hili nililetewa nyumbani. Dada yangu ana watoto wawili waliomaliza chuo kikuu. Mkubwa, binti, alisoma hesabu, akaolewa akaenda kukaa New York. Mdogo, mvulana, ana digrii ya kemia ya hapa hapa nchini, na huu ni mwaka wa tatu yuko nyumbani. Leo asaidia dukani kwa amiye, kesho aenda bandarini kuulizia vibarua. Mwaka jana binti alipiga simu kusema amekuwa mwalimu katika shule ya serikali, na digrii ya pili, ya ualimu, anaisoma jioni huku mshahara waingia. Mdogo wake akaona naye ajaribu bahati. Akaenda kuuliza katika skuli moja iliyokuwa haina mwalimu wa kemia, akaambiwa kwa adabu kwamba sheria haimruhusu. Basi mamake akanijia. "Kaka," akaniambia, "yule wa Amerika kiangazi kimoja tu ashakuwa mwalimu. Huyu wa hapa digrii anayo, watoto hawana wa kuwasomesha kemia, na bado aambiwa hana ruhusa. Hebu nieleze, maana mimi sielewi."

Nilimweleza nijuavyo. Haya ndiyo hayo, pamoja na mengine niliyoyafikiri baadaye.

Mpango alioingia binti yule mjini New York ulianza mwaka 2000, na asili yake ilikuwa shida. Shule za mitaa ya maskini zilikuwa na maelfu ya waalimu wasio na leseni, na wakubwa wa elimu wa jimbo wakataka jambo hilo likome. Watapatikana wapi wengine? Wakaitwa watu wenye digrii za mambo mengine: wanasheria waliochoka na kesi, makarani wa benki, wahandisi, vijana waliomaliza chuo juzi. Mtu hufanya mitihani ya jimbo, hufunzwa wakati wa kiangazi kwa saa zisizopungua 200, na shule zifunguliwapo Septemba hupewa leseni ya muda na darasa lake mwenyewe. Mshahara ni wa mwalimu kamili tangu siku ya kwanza. Jioni huenda chuo kikuu kusoma digrii ya pili ya ualimu, na sehemu ya karo hulipiwa. Leseni ile ya muda ina mwisho wake, na asiyemaliza masomo huipoteza. Isitoshe, katika jimbo la New York mwalimu atakaye leseni ya juu sharti awe na digrii ya pili, kwa hivyo digrii hiyo kwao haisomwi kwa ajili ya kutundikwa ukutani.

Hiyo ni njia moja. Iko nyingine ya zamani zaidi, ambayo Chuo Kikuu cha Harvard kiliianzisha mwaka 1936: mtu mwenye digrii yake ya historia au fizikia asoma mwaka mmoja au zaidi kidogo, apata digrii ya pili na leseni kwa pamoja, ndipo ashike darasa. Na tangu miaka ya 2000 miji ya Chicago na Boston imekuwa na mtindo wa tatu, walioiga kwa madaktari. Mwanafunzi wa ualimu hukaa mwaka mzima ndani ya darasa la mwalimu mkongwe, akitazama, akisaidia, akiachiwa kipindi kimoja, kisha viwili, na masomo ya digrii ya pili yakienda sambamba. Mwaka wa pili ndipo apewapo darasa lake. Mimi, kama ningeulizwa, ningemchagulia mwanangu mwalimu wa mtindo huu wa tatu.

Lakini msomaji asidhani kwamba Waamerika wenyewe wameridhika. Liko shirika liitwalo Teach For America, lililoanza kupeleka waalimu madarasani mwaka 1990, ambalo huwachukua vijana hodari wa vyuo vikubwa, huwafunza majuma machache ya kiangazi, na kuwapeleka katika shule za maskini kwa miaka miwili. Profesa Linda Darling-Hammond wa Chuo Kikuu cha Stanford amelipinga jambo hili kwa miaka mingi, na hoja yake kwa ufupi ni kwamba mtoto wa tajiri hapewi mwalimu wa majuma matano. Ni mtoto wa maskini ndiye afanywaye chombo cha kujifunzia. Wanaolitetea shirika hilo hujibu kwamba mtoto wa maskini huyo, kama si kijana huyu mwenye bidii, angepata mwalimu wa kushikilia tu, au asipate kabisa. Wote wawili wana haki. Ila kwa maoni yangu jambo zito zaidi ni la kukaa. Wengi wa waalimu wa njia za haraka, ikifika miaka miwili au mitatu, huaga. Wengine huenda kusoma sheria, wengine hurudi benki. Shule huanza tena na wageni wengine, na watoto nao huanza upya kumzoea mtu.

Haya kwetu Afrika Mashariki si mageni. Mwaka 1961, uhuru ulipokuwa mlangoni na shule za sekondari hazina waalimu, palianzishwa mpango wa kuleta waalimu vijana kutoka Amerika. Uliosimamia upande wa huko ni Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, katika mji ule ule wa New York. Wengi wa vijana wale walikuwa na digrii lakini hawajapata kufunza. Hao walipelekwa Makerere wakasoma diploma ya ualimu ya mwaka mmoja, kisha wakasambazwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee waliosoma sekondari katika miaka ya sitini wanawakumbuka: wamevaa kaptura, wanakaa juu ya meza, wanawaambia wanafunzi waulize maswali, na wanafunzi hawaamini masikio yao kwa kuruhusiwa kuuliza. Walifanya kazi njema, si haba. Kisha mkataba ulipokwisha wakarudi kwao, kama ilivyokuwa haki yao.

Jirani zetu wa Tanzania wana kisa chao, nacho chafaa kusomwa na kila waziri wa elimu. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba kufikia 1977 kila mtoto awe shuleni. Waalimu hawakuwapo, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa vijijini mwao, wakafunza huku nao wakifunzwa kwa masomo ya posta na ya redio. Mpango ukajulikana kwa herufi zake tatu za Kiingereza, UPE, na watu, kwa ulimi wao usio na huruma, wakazipa maana yao: Ualimu Pasipo Elimu. Miaka thelathini baadaye, shule za sekondari za kata zilipofumka kila pembe, wakatokea waalimu wa leseni, vijana wa Kidato cha Sita waliofunzwa kwa muda mfupi sana na kutupwa madarasani. Hao wakaitwa Vodafasta, jina lililoazimwa kwa huduma ya Vodacom ya kuongeza salio la simu kwa haraka.

Sisi Wakenya tusicheke. Karo ilipoondolewa kwa madarasa ya chini mwaka 1974 watoto walimiminika, na madarasa yakajazwa waalimu wasiofunzwa, wale tuliowaita UT. Wako watu wazima leo, wenye vyeo vyao, waliofunzwa herufi ya kwanza na UT. Nami sitaki kuwakejeli, kwa sababu wengi wao walikuwa na jambo ambalo wale wa Makerere hawakuwa nalo. Walikuwa watu wa pale. Jioni mwalimu alimkuta mzazi kisimani au msikitini, akamwambia mwanao leo hakuja, yuko wapi?

Turudi kwa sheria yetu. Kwa mujibu wa Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu ya mwaka 2012, hakuna ruhusa ya mtu kufunza shuleni, iwe ya serikali au ya mtu binafsi, kama hakuandikishwa na Tume hiyo, TSC. Na ili aandikishwe kuwa mwalimu wa sekondari yambidi awe na digrii ya ualimu, au awe na digrii ya somo lake kisha aongeze diploma ya ualimu ya baada ya digrii, ambayo kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, pamoja na kwenda kufunza shuleni kwa majaribio akikaguliwa. Tena hutazamwa cheti chake cha Kidato cha Nne: alama ya jumla isipungue C+, na masomo mawili atakayofunza nayo yasipungue C+. Kisha hati ya tabia njema kutoka polisi, na karatasi nyinginezo.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kwetu digrii ya pili peke yake haimpi mtu nambari ya TSC. Profesa wa kemia anayewasomesha madaktari watarajiwa, kama hakupitia ualimu, hana ruhusa kisheria ya kuingia darasa la watoto wa miaka kumi na mitano akawafunza asidi na besi. Wengine hulicheka jambo hili. Mimi silicheki. Kujua kemia ni kazi moja, na kumfahamisha kemia mtoto aliyekuja shuleni bila ya kifungua kinywa, akaliye benchi na wenziwe wanne, ni kazi nyingine, na nimepata kukaa mbele ya mabingwa ambao elimu yao ilikuwa bahari na hatukuchota hata kikombe.

Basi nikamwambia dada yangu: mwanao njia anayo. Kama alama zake za Kidato cha Nne zafaa katika kemia na somo la pili, basi mwaka mmoja wa diploma wamtosha. Kwa hesabu ya kalenda hakuzidiwa sana na nduguye. Yule wa New York ameanza kazi mapema lakini atasoma jioni miaka miwili, huyu atasoma kwanza. Tofauti yao haipo kwenye muda.

Tofauti ipo kwenye mfuko, na hapa ndipo naona serikali yetu yafaa kuulizwa. Yule wa ng'ambo hulipwa akijifunza. Huyu wa hapa hulipa ili ajifunze, hupanga chumba, hununua vitabu, hujilisha wakati wa mafunzo ya majaribio, na akimaliza aingia katika foleni. Foleni yenyewe twaijua. Wapo waalimu wenye nambari za TSC walioingoja miaka hata wakazeeka nayo, wakauza mitumba, wakaendesha bodaboda. Akiitwa, huenda akaitwa kuwa mwalimu wa mafunzo ya kazi, wale wajulikanao kama intani. Mwaka 2023 vijana waliochukuliwa kwa ajili ya sekondari msingi walipewa mikataba hiyo kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifanya kazi ile ile ya mwalimu kamili. Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba haikuwa halali kumwajiri mwalimu aliyehitimu na kuandikishwa kwa jina la mwanafunzi wa kazi. Mwezi uliofuata wakagoma. Mwanzo wa 2025 elfu arubaini na kitu wakapewa ajira ya kudumu, na papo hapo wapya wakachukuliwa kwa mtindo ule ule uliolalamikiwa. Basi mtu akikuambia kwamba ualimu ni njia ya haraka ya kupata kazi, muulize ahesabu haraka hiyo kuanzia siku gani.

Sasa nije kwa Pwani. Shule nyingi za sekondari katika kaunti zetu zimesimama kwa waalimu kutoka bara, na Mungu awalipe, maana wamewalea watoto wetu. Lakini mwalimu aliyetoka mbali ana mzee wake mgonjwa kule, ana shamba, ana mke aliyemwacha, na kila mwisho wa mwaka ajaza fomu ya uhamisho. Mwaka 2018 TSC ilipoanza kuwahamisha waalimu mbali na kaunti zao kwa nguvu, ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya umoja wa taifa. Kelele zikawa nyingi mpaka bungeni, na kuanzia 2022 mambo yakalegezwa, waalimu wengi wakarudi makwao. Ni haki yao. Ila kila alipoondoka mmoja palibaki pengo, na mapengo hayo hayakugawanyika sawa nchini.

Waliolipa bei kubwa ya jambo hili ni ndugu zetu wa kaskazini mashariki. Novemba 2014 abiria 28 wasio Waislamu walitolewa katika basi karibu na Mandera wakauawa, waalimu wakiwemo. Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mmoja wa waliopigwa risasi kwa msimamo huo alikuwa mwalimu, Salah Farah, aliyefariki Januari 2016. Nataka jina lake likumbukwe kila ualimu unapotajwa kwa dharau. Januari 2020 waalimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na TSC ikawaondoa waalimu wengi wasio wenyeji. Shule zikabaki na majengo. Hapo ndipo watu walipoona kwamba kwa miaka hamsini eneo zima lilikuwa limeazima waalimu bila ya kujizalia wake.

Nasi je, tunajizalia? Sijapata, katika umri wangu wote, kuitwa harambee ya kijana anayekwenda kusomea diploma ya ualimu. Za udaktari nimeitwa, za uhandisi, za urubani mara mbili. Ualimu kwetu umekuwa ni pa kuangukia, na mvulana akisema ataka kuwa mwalimu, shangazi zake hunyamaza kidogo kabla ya kumpongeza. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, na moja ya mashauri yake makubwa lilikuwa ni sisi Waislamu wa pwani hii tulivyobaki nyuma katika elimu huku tukijivuna kwa nasaba. Miaka zaidi ya tisini imepita, na hizo shule alizotaka tuzipate twazo. Waalimu ndio twaazima.

Liko kundi jingine ambalo sharti nilitaje, maana ndilo liumizwalo zaidi na utaratibu huu: maustadhi. Tangu Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilipofunguliwa mwaka 1961 vijana wetu wamekwenda huko, na wengine al-Azhar na Khartoum, wakarudi na digrii za sharia, za hadithi, za lugha ya Kiarabu. Kiarabu na Elimu ya Dini ya Kiislamu ni masomo yanayotahiniwa katika sekondari zetu. Basi utadhani mtu huyu ndiye atakayekimbiliwa. Lakini wapi! Wengi wao walitoka maahadi wakaenda Madina bila ya kufanya mtihani wa Kidato cha Nne, au waliufanya na alama zikawa haba kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye nahau na fiqhi. Kwa hivyo ile C+ haipo, na isipokuwapo, hata diploma ya mwaka mmoja haimsaidii. Miaka minne au mitano ya Madina yawa kama haikusomwa. Matokeo yake ni kwamba ustadhi huyu yuko madrasani, alipwa kwa michango ya wazazi ambayo mwezi wa Ramadhani hupanda na mwezi wa Januari hukatika, na shule iliyo upande wa pili wa barabara yafunza somo la dini kwa mwalimu mwenye nambari ambaye hawezi kusoma aya bila ya kutetemeka, au imeliondoa somo kabisa. Ustadhi huitwa kipindi kimoja kwa juma, kile cha mawaidha, aje bure, ajirudie.

Wako wanaosema TSC iwaandikishe maustadhi wote kwa shahada walizo nazo. Mimi sikubali. Nimeona madrasa ambamo kijana mwenye elimu nyingi hana silaha nyingine darasani ila bakora, na mtoto akiuliza kwa nini huambiwa ana utovu wa adabu. Kama nilivyosema juu ya profesa wa kemia, ndivyo nisemavyo juu ya mtaalamu wa hadithi. Ninalolitaka ni daraja. Mtu mwenye digrii iliyotambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu atahiniwe upya, sasa, akiwa mtu mzima, katika Kiarabu, Kiswahili, Kiingereza na hesabu za kawaida. Akifaulu, alama ya utotoni isamehewe, na asome ualimu mwaka ule ule mmoja kama wengine. Jimbo la New York halikuona haya kumtahini upya wakili wa miaka arubaini. Jambo hili lataka viongozi wetu, wa misikiti na wa bunge, walipeleke kwa maandishi mahali panapohusika badala ya kulilalamikia kila Maulidi.

Tena si kweli kwamba sisi hatujui kufunza waalimu kwa muda mfupi na wakawa waalimu. Miaka ya themanini wazazi Waislamu wa Mombasa waliona watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao waliopitia nasari, na wakati huo huo hawakutaka kuwatoa vyuoni. Viongozi wakapeleka haja yao kwa Aga Khan, na mwaka 1986 ukaanza mpango wa shule za awali za madrasa chini ya Bi Swafiya Said, mwalimu aliyekwisha kustaafu. Bi Swafiya hakungoja waalimu wa kutoka chuo chochote. Aliwatafuta akina mama na wasichana wa mitaa ile ile, wengine elimu yao ni ya kiasi tu, akawafunza. Watoto wakawa wasoma Qur'ani, wahesabu kwa kokwa na makombe ya baharini, waimba nyimbo za Kiswahili, wacheza na kujichagulia mchezo. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, 1993 Uganda, na shule zikapita 200 katika nchi hizi tatu.

Siri yake ilikuwa nini? Mafunzo ya mwanzo hayakuwa marefu. Ila mwalimu akishaanza, hakuachwa. Mkufunzi alimjia darasani mara kwa mara, akakaa nyuma kwenye mkeka, akatazama, na watoto wakiondoka wakazungumza: kwa nini yule mtoto wa pembeni hakusema neno leo? Ilikuwa hivyo juma baada ya juma, mpaka mkono ukazoea. Na kwa kuwa mwalimu alikuwa ni mama wa mtaa ule, hakuwa na pa kuhamia. Huu, ukiutazama sana, ni ule mtindo wa Boston niliouchagua juu kule, ila umetangulia Boston kwa miaka zaidi ya kumi na tano na ulianza kwetu.

Sasa ulinganishe na mwanafunzi wetu wa diploma ya mwaka mmoja. Apelekwa shuleni kwa majaribio. Mkaguzi kutoka chuo kikuu aja siku chache, wakati mwingine na gari la kukodi lililojaa wenziwe, akaa dakika arubaini, ajaza fomu, aondoka kuwahi shule nyingine kabla ya jua kutua. Mwalimu wa somo wa pale shuleni, akiona ameletewa kijana, humwachia madarasa yake yote akapumzike, naye ni haki apumzike maana alikuwa na vipindi thelathini. Kijana abaki peke yake na watoto sitini. Akimaliza apewa cheti, na akiajiriwa hakuna atakayeketi nyuma ya darasa lake tena ila kwa kumkagua.

Kaunti zetu sita za Pwani hazina mamlaka ya kuajiri waalimu wa sekondari, hilo twalijua, ni kazi ya TSC. Lakini zingeweza kutafuta njia ya kisheria ya kumlipia karo kijana wake mwenye digrii ya hesabu, ya fizikia au ya Kiarabu asome ualimu mwaka mmoja, kwa sharti kwamba akiajiriwa atafunza ndani ya kaunti kwa muda uliotajwa. Na zingeweza pia kutafuta njia ya kuwalipa kitu kidogo waalimu wastaafu wakawa pamoja na vijana hao mwaka wa kwanza. Na wastaafu hao tunao. Serikali huwaachisha kazi wakifika miaka 60, wengine bado wana nguvu za kupanda matatu na kushuka. Ukipita Mji wa Kale alasiri utawakuta barazani na kahawa yao, watu waliofunza kemia na hesabu miaka thelathini, waliowapitisha mahakimu na manahodha wa meli, na hakuna ofisi yoyote iliyokwisha kuwauliza kama wangependa kurudi skuli asubuhi mbili kwa juma, wakae nyuma ya darasa na kutazama.